Chumvi Juu ya Wigo

Bihogo hakunywa. Alisogea hadi kwenye hori kama wenzake, akainamisha pembe zake ndefu, akayagusa maji ya chumvi kwa ncha ya pua, kisha akarudi nyuma na kusimama akitafuna hewa. Uzi mweupe wa mate ulishuka kutoka mdomoni mwake, ukarefuka, ukayumba katika upepo wa asubuhi uliopanda kutoka mtoni, na haukukatika mpaka ulipoyafikia maji ambayo ng'ombe wengine walikuwa wakiyanywa.

Rwegasira aliuona uzi ule kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa ameketi juu ya kichuguu, fimbo imelala magotini, mahali alipoketi kila siku ya chumvi tangu baba yake alipomwachia hori lile pamoja na heshima ya watu waliolizunguka. Lilikuwa hori la udongo wa mfinyanzi, lililofinyangwa upya kila baada ya masika kando ya kisima cha bondeni pale Bugomora, na sheria yake ilikuwa moja: chumvi hainyweshwi kwa siri. Mwenye chumvi huita jirani. Ng'ombe wa mtu uliyegombana naye jana hunywa leo bega kwa bega na wako, na ugomvi, kama hauishi, walau hupunguza sauti. Rwegasira aliijua sheria hiyo kama alivyoijua katekisimu ya utoto wake, neno kwa neno, bila maswali.

"Huyu ana jambo," alisema Athanasi, jirani yake ambaye zizi lake lilipakana na la Rwegasira na ambaye mdomo wake haukuwahi kupakana na chochote. "Au amefunga Kwaresima peke yake bila kututangazia."

"Mshike pembe. Tumwangalie ulimi."

Walimshika. Ngozi ya ulimi ilikuwa imetuna malengelenge, na moja lililopasuka liliacha nyama nyekundu, mbichi, kama mahali palipomwagiwa maji ya moto. Athanasi aliinama akatazama na kwato. Aliponyooka, uso wake haukuwa na mzaha tena. Hakuna aliyehitaji kuutaja ugonjwa wa miguu na midomo kwa jina. Wote wawili waliwahi kuuona ukipita katika kilima kile, ukapita tena, kama mgeni asiyekumbuka njia nyingine.

"Tufanye kama wazee?" Athanasi aliuliza.

Kufanya kama wazee kulikuwa ni kuchukua kitita cha nyasi, kukipaka povu la mgonjwa, na kukipitisha katika kinywa cha kila ng'ombe mzima, ili kundi lote liugue pamoja na lipone pamoja kabla ya kiangazi kukauka. Baba yake Rwegasira alifanya hivyo, na ng'ombe wa pembe ndefu, ambao miili yao ilizoea taabu, wengi waliinuka. Aliyekataa nyasi zile alihesabiwa kuwa amejitoa katika ujirani. Watu hawakumpiga wala kumtukana; waliacha tu kumwita.

"Hakuna haja ya nyasi," Rwegasira alijibu, akilitazama hori. "Wamekwisha kunywa pamoja."

*

Afisa mifugo wa kata aliitwa Joviana. Alikuwa mzaliwa wa Muleba, mwembamba, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, na alikuja na pikipiki iliyopakwa matope hadi kwenye taa. Wanaume walikutana naye kisimani. Alitazama vinywa, akachukua ute kwa pamba na kuufungia ndani ya vichupa, akawaeleza kwamba ugonjwa huu una aina nyingi zinazofanana kwa sura lakini hazizuiliwi na chanjo moja. Aina hii, alisema, ilikuwa imekwisha kutambuliwa katika kata jirani, na chanjo yake ilikuwa imefika Rubwera, makao ya wilaya. Waliougua wasingechanjwa, wangetunzwa vidonda mpaka wapone. Wangechanjwa wale ambao ugonjwa haujawafikia: makundi ya nyuma ya kilima na ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani. Na kuanzia siku ile kata nzima ilikuwa chini ya karantini. Ng'ombe asitoke, asiingie, asichangie maji na ng'ombe wa zizi jingine.

"Na kisima, daktari?" Athanasi aliuliza. "Tukigawe kwa panga?"

"Mchote kwa zamu, mzee wangu. Kila zizi na ndoo zake."

"Yaani fahali wangu awe na kikombe chake mwenyewe, kama padri."

Wanaume walicheka, na Joviana naye akatabasamu kidogo, akangoja kicheko kiishe ili arudie maneno yale yale kwa sauti ile ile. Rwegasira hakucheka. Alikuwa akitafakari neno lile la kutochangia maji. Alielewa sababu yake kama mtu anavyoelewa lugha ya jirani: maana ilimfikia, lakini haikumgusa. Kwake, kumwambia mtu asinywe pamoja na mwenzake kulikuwa na jina moja tu, na jina hilo halikuwa kinga.

"Nimekusikia, binti," alisema. Alikuwa mkweli. Alikuwa amesikia.

*

Nyuma ya kilima, mwendo mfupi kutoka kwa Rwegasira, ilikuwapo nyumba ya mwanawe Mwesiga, dereva wa lori la ndizi ambaye alionekana nyumbani kwa nadra. Mwenye kuonekana pale kila siku alikuwa mkewe, Salvina. Ndiye aliyepalilia migomba, ndiye aliyeanika kahawa, na ndiye aliyemfuga bandani ng'ombe wa maziwa, chotara mwenye mabaka, ambaye alimwita Ada kwa sababu maziwa yake ndiyo yaliyomweka mtoto wao shuleni. Ada hakuwa na pembe ndefu wala historia ndefu. Lakini chakula, daftari, sare na mafuta ya taa vya nyumba ile vilitoka katika chuchu zake.

Baina ya Rwegasira na mkazamwana wake palikuwa na umbali ambao haukuwekwa na mtu yeyote na ulilindwa na watu wote. Hawakuketi mkeka mmoja. Salvina hakulitamka jina la mkwewe hata alipolisoma kwenye tangazo la kanisa. Wakikutana njiani, aliingia kando kwenye migomba mpaka mzee apite. Na mzee, akikaribia nyumba ile, alikohoa kutoka mbali ili asije akamkuta mwanamke huyo ana kwa ana. Padri aliwahi kuwaambia waumini kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Walimwitikia kwa heshima, wakaenda nyumbani, wakaendelea. Hapakuwa na chuki katika umbali huo. Kila mmoja, kwa kutomkaribia mwenzake, alimwambia kila siku kwamba anamthamini.

Yaliyohitaji kusemwa yalibebwa na Jenifa, mke wa Rwegasira, ambaye alizunguka kilima akiwa na kikapu na habari.

"Ada amechomwa sindano," alisema jioni moja, akiketi na kujinyoosha magoti. "Na langoni wameweka gunia lililolowa maji ya magadi. Daktari kasema kila aingiaye akanyage. Nimekanyaga kama vile miguu yangu ni maharage yaliyogoma kuiva."

"Hata wewe? Mama wa mwenye nyumba?"

"Hata mimi. Tena mkazamwana wako kaniomba radhi mpaka nikaona haya. Kasema, 'Mama, nisamehe, hata Mwesiga akija atakanyaga.'"

Rwegasira hakupenda gunia lile. Lilimjia akilini kama uso wa mtu aliyefunga mlango na kuketi nyuma yake akisikiliza.

"Na ndama kazaliwa," Jenifa akaendelea. "Jike. Ana baka jeupe kwenye paji, utadhani kapakwa majivu ya Jumatano."

Habari hiyo ndiyo iliyomkosesha mzee utulivu. Ng'ombe anapozaa katika ukoo, chumvi yake ya kwanza hutoka katika hori la mkuu wa ukoo. Ndivyo ndama anavyojulikana kuwa ni wa watu fulani. Rwegasira alikuwa amempa chumvi kila ng'ombe aliyezaa katika nyumba za wanawe, hata wale wa bandani ambao hawakuwahi kukanyaga bonde. Kumpita huyu kungekuwa kumwambia Salvina kwamba gunia lake limemkasirisha, na kweli lilikuwa limemkasirisha, na ndiyo sababu hasa hakutaka lionekane hivyo.

Aliwaza jambo hilo kwa siku kadhaa, kwa utaratibu, kama mtu wa sheria. Daktari amekataza ng'ombe asitoke wala kuingia, hatapeleka ng'ombe. Amekataza watu kupita langoni bila kukanyaga magadi; hatapita langoni. Amekataza ng'ombe wa mazizi mawili kunywa pamoja; huyu atakunywa peke yake. Desturi inamkataza kumkuta mkazamwana bila kutangaza. Atakwenda Jumapili, wakati wa ibada, na nyumba itakuwa haina mtu. Povu la nyasi hatalipeleka, maana huyu si ng'ombe wa kufanyiwa kama wazee walivyofanya. Atapeleka chumvi tu. Na chumvi, kama alivyofundishwa, huosha kinywa.

Jumapili hiyo alimwambia Jenifa kwamba kiuno kinamsumbua, akabaki. Watu walipokwisha kushuka kwenda kanisani, alikwenda kisimani, akachota maji ya hori kwa ndoo yake ya bati, akapanda kilima taratibu ili yasimwagike. Alikohoa alipokaribia, kwa mazoea, ingawa aliamini kwamba hapana wa kumsikia. Mlango wa nyuma ulikuwa umerudishwa. Alizunguka hadi nyuma ya banda, mahali wigo wa minyaa ulipokuwa mfupi, akainua ndoo, akaipitisha juu ya wigo na kuishikilia kwa mikono miwili. Ada akaja. Alinusa, kisha akatumbukiza mdomo na kunywa kwa mivuto mirefu, kwa sauti ya kushukuru, mpaka ulimi wake ukalikwaruza bati la chini.

Rwegasira alishuka kilima na ndoo tupu. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa ameshika sheria zote, ya serikali na ya wazee, na hakuna hata moja aliyoivunja.

*

Ada alianza kudondosha mate kabla ya juma kuisha sawasawa. Maziwa yakapungua, yakabaki kidogo tu. Kwato zikavimba, akawa anasimama kwa kubadilisha miguu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ndama hakuugua kwa namna iliyoonekana. Asubuhi alikuwa akinyonya, mkia wake ukichezacheza; ghafla akaachia chuchu, akapiga magoti, akalala ubavu. Salvina alipomfikia alikuwa amekwisha kufa, na maziwa machache yangali mdomoni.

Joviana alisema ndivyo ugonjwa huu unavyowafanya wadogo: huwakamata moyo. Alichuchumaa bandani muda mrefu, akauliza swali lake mara kadhaa.

"Nani aliingia humu?"

"Hakuna aliyepita langoni asiyekanyaga magadi," Salvina alijibu.

"Majani umekata wapi?"

"Shambani kwangu."

"Na maji?"

"Ya mvua. Yale pale kwenye pipa."

Joviana aliinuka bila kupata alichokitafuta, na watu hawakungoja akipate. Habari ilikuwa imekwisha kushuka kilima: ng'ombe wa kwanza kuchomwa sindano ndiye aliyeugua, na ndama wake kafa akinyonya maziwa yenye dawa. Ilikuwa hadithi nyepesi kubeba. Ilipita kwa mafundi baiskeli, ikapita kwa wauza mkaa, ikaingia katika nyumba zilizokuwa na ng'ombe wa bandani na ambazo Joviana alikuwa ameziandaa kwa chanjo Jumamosi iliyokuwa ikija.

Kwa Rwegasira, habari hiyo ilifika pamoja na heshima. Watu walimsimamisha njiani. "Mzee, wewe hukuishangilia ile sindano tangu mwanzo," walimwambia, na walipoaga waliinama zaidi kuliko ilivyokuwa desturi. Athanasi alimwambia waziwazi kwamba ng'ombe wao wa pembe ndefu, waliougua kwa heri, walikuwa wamekwisha kuanza kula, wakati ng'ombe wa kisomi amemzika mwanawe. Rwegasira aliyapokea maneno hayo. Yalikuwa matamu kidogo, na alijichukia kidogo kwa kuuonja utamu huo, kwa sababu alikuwa amemwona ndama yule kwa mbali, Jumapili ile ya ndoo, akiwa amelala kwenye majani na baka lake jeupe.

Ijumaa alasiri Joviana alikuja kwake. Alisimamisha pikipiki nje ya migomba, akaja kwa miguu, akamwamkia shikamoo na kuketi kwenye benchi alilooneshwa. Jenifa alileta kisahani cha kahawa ya kutafuna. Walitafuna punje moja moja.

"Mzee, nimekuja kuomba," Joviana alisema. "Kesho watu hawatakuja. Lakini wewe ukisema, watakuja."

"Na niseme nini? Aliyechomwa ndiye aliyeugua. Hilo wameliona kwa macho."

"Alichomwa siku chache tu kabla ya kuambukizwa. Chanjo haishiki siku ile ile. Mwili unahitaji muda wa kuujifunza ugonjwa. Akilamba mate ya mgonjwa kabla ya hapo, anaugua kama vile hakuchomwa kitu."

"Mate hayana miguu."

"Yana miguu ya watu, mzee. Huenda na kiatu, na kamba, na nguo. Huenda na ndoo."

Rwegasira alikuwa ameinua punje ya kahawa kuipeleka mdomoni. Aliishusha.

"Hata ndoo."

"Ndoo hasa. Kama imechota mahali walipokunywa wagonjwa."

Kuku alipita katikati yao akidonoa maganda. Mzee alimsubiri apite.

"Na maji yakiwa na chumvi?"

Joviana alimtazama. Haikujulikana alichokiona, na kama alikiona hakukionesha. "Chumvi ya kuonja haiui kirusi," alisema. "Ingekuwa inaua, ugonjwa usingeanzia kisimani kwenu."

Alieleza idadi ya nyumba zenye ng'ombe wa bandani upande ule, akaeleza jinsi ndama wadogo walivyokuwa wengi msimu huo, akaaga kwa adabu. Rwegasira alimsindikiza hadi mwisho wa migomba, jambo ambalo hakuwa amemfanyia siku zilizopita, kisha akashuka kisimani peke yake.

Hori lilikuwa na maji kidogo. Aliona humo uso wake na wingu. Alikaa kwenye kichuguu chake, akajaribu kupata mahali ambapo alikosea, kwa maana mtu aliyefunzwa kama alivyofunzwa yeye huamini kwamba kila kosa lina mlango wake, na mlango huo huonekana ukitafutwa kwa utulivu. Hakuiba, hakudanganya isipokuwa kuhusu kiuno, hakumdharau mtu. Alikuwa ameliogopa gunia lile kwa sababu aliona ndani yake mlango uliofungwa, yeye ambaye kwa miaka yote alikohoa kutoka mbali ili mwanamke mmoja apate nafasi ya kuondoka njiani, wala hakuwahi kufikiri kwamba kwa kikohozi kile alimfungia mlango mtu yeyote. Wazo hilo lilimjia, likakaa, wala hakulifukuza.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Ndoo haisemi, na ng'ombe hasemi. Ataendelea kuinamiwa njiani. Na katika mabanda ya nyuma ya kilima ndama wataanguka mmoja baada ya mwingine wakiwa na maziwa midomoni.

*

Jumamosi palikuwa na watu wengi na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Walisimama kuzunguka njia nyembamba ya magogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchanjia, wakimtazama Joviana na sanduku lake la barafu kama watu waliokuja kumtazama fundi ambaye mashine yake imegoma. Athanasi, ambaye ng'ombe wake hawakuhusika, alikuwa amekuja kwa ajili ya mdomo wake tu.

"Daktari, anza na mimi," alisema. "Nikifa, tutajua."

"Wewe ukichomwa utanyamaza kwa siku mbili," mwanamke mmoja alimjibu. "Tutamshukuru daktari."

Rwegasira alifika kicheko hicho kikiendelea. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mkononi alishika ndoo ya bati. Watu walimpisha. Aliiweka ndoo chini, mahali ambapo wote waliweza kuiona, akajisafisha koo.

"Ndama wa nyumba ya mwanangu hakuuawa na sindano," alisema. "Nilichota maji ya hori langu kwa ndoo hii, siku ambazo ng'ombe wangu walikuwa wakitoka mate, nikampa mama yake juu ya wigo. Ilikuwa chumvi ya uzazi. Daktari hakujua. Mwenye nyumba hakujua. Nimesema ili mtu asije akamzuia ng'ombe wake kwa sababu yangu."

Mtu mmoja aliangalia ndani ya ndoo, kana kwamba bado kulikuwa na kitu.

"Kumbe," Athanasi alisema hatimaye, polepole, "tumekitafuta kirusi kata nzima, nacho kinatusalimia kila asubuhi."

Wachache walicheka na kujizuia haraka. Rwegasira alimgeukia jirani yake. Angeweza kumjibu, alikuwa na umri na alikuwa na maneno. "Ndivyo," alisema, na Athanasi akatazama chini, akaikwangua ardhi kwa kidole cha mguu.

Mwanamke yule aliyetania ndiye aliyeondoka kwanza. Walidhani amekwenda zake. Alirudi akimvuta ng'ombe mweusi kwa kamba, na nyuma yake alikuja mwanamume mwenye ndama wawili. Wengine walikwenda na kurudi. Wengine walikwenda na hawakurudi, na baadhi yao, walipompita Rwegasira, waliinama kwa kipimo cha zamani, na baadhi hawakuinama kabisa. Joviana alifungua sanduku lake. Hakumshukuru mzee mbele ya watu, na mzee alimheshimu kwa hilo.

*

Alichukua ndoo yake, akapanda kilima. Safari hii hakuzunguka nyuma. Alikohoa mbali, akakohoa tena karibu, akafika langoni, mahali ambapo katika miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kusimama bila kuitwa. Gunia lilikuwa pale, limelowa, likinuka magadi. Aliiacha ndoo nje, akavua viatu, akapanda juu ya gunia kwa nyayo tupu, na akabaki juu yake. Ubaridi ulimpanda hadi kwenye vifundo.

Salvina alikuwa bandani. Alimwona kupitia kwenye nafasi za mbao na hakutoka. Alirudi nyuma ya nguzo, mahali ambapo sauti ingepita na uso usingeonekana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akangoja pumzi yake itulie. "Ile chumvi ilikuwa yangu."

Ada alibadilisha mguu. Alikuwa akitafuna kwa uangalifu, upande mmoja wa kinywa.

"Najua, baba," Salvina alisema. "Sikwenda kanisani siku ile. Mtoto alikuwa na homa. Nilikusikia ukikohoa, nikarudisha mlango. Nilimsikia akinywa."

Rwegasira hakusogea. Aliuona akilini mlango ule wa nyuma, jinsi ulivyokuwa umerudishwa, na mwanamke nyuma yake amesimama na mtoto mgongoni, akihesabu mivuto ya ng'ombe wake, asiweze kutoka na kumkuta baba mkwe, asiweze kupaza sauti na kumwita kwa jina ambalo hajawahi kulitamka. Na baadaye, mbele ya daktari, akichagua maneno yake juu ya lango, wala si juu ya wigo.

"Ungesema," alisema.

"Ningesemaje, baba?"

Punde ilisikika ndoo ya plastiki ikiwekwa chini, na kigoda kikiburutwa. Salvina alikuwa ameketi kukamua. Tangu ndama afe na maziwa yakatike, alijaribu kila jioni, asikate tamaa na chuchu zile. Hapo kwanza hapakusikika kitu. Kisha mstari mmoja mwembamba ukapiga plastiki, ukakoma, ukaja mwingine.

Mzee alisimama juu ya gunia, viatu mkononi, upande wake wa lango, akisikiliza.